Nilianza kama mpiga kinanda wa hotelini Mbeya, sasa napanga pia muziki wa filamu: jibu langu kwa kijana aliyeuliza

Habari za leo ndugu zangu. Kuna kijana ameuliza hapa. Anapiga kinanda kwenye hoteli moja Mbeya mjini kila Ijumaa na Jumamosi, anapenda jazz, na kuna mwongozaji wa Iringa amemwomba amwekee muziki kwenye filamu. Anataka kujua kama jazz itamsaidia au itamkwamisha, kama kazi hiyo ina ugali, na kama auze kinanda chake anunue kompyuta. Wengi wamemjibu kwa mstari mmoja. Mimi nimepita njia hiyohiyo tangu 2012, kwa hiyo mnivumilie, nitaandika kwa urefu.

Mdogo wangu, mimi ni mtoto wa Tukuyu. Noti nilijifunza kanisani kwetu Moravian, kanisa ambalo huku kwetu lilianzia Rungwe mwaka 1891, na linalopenda matarumbeta mpaka leo. Nilianza na tarumbeta, baadaye mwalimu wa kwaya akanisogeza kwenye kinanda kwa sababu aliyekuwepo alihamishiwa Sumbawanga. Solfa, ile ya do-re-mi, niliijua kabla ya noti za mistari mitano. Jazz ilinijia ukubwani, nilipopata kazi hotelini Mbeya na kukuta wageni wanaomba nyimbo zenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) nisizozijua, zile za noti nne na tano kwa mkono mmoja. Nilikaa miaka miwili nikizitafuta kwa sikio kabla hazijaanza kukaa mkononi.

Nieleze kidogo hilo neno, maana wapo waliomjibu kijana kwamba jazz ni ya kwetu toka enzi. Ni kweli na si kweli. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Nuta Jazz, zote zilibeba jina la jazz, lakini zilipiga dansi: gitaa la solo, la rithimu, besi, ngoma, matarumbeta na saksafoni. Iringa nako kulikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi, na mpaka leo nikizisikia nyimbo zao redioni naacha ninachofanya. Kijana anaongelea ile jazz ya Marekani ya piano, ambayo mpigaji anaushika wimbo mara moja kisha anaubuni upya palepale mbele za watu. Hizo ni shule mbili, na kwenye filamu nimeona zote mbili zina faida. Ila swali lilikuwa la piano, nalijibu la piano.

Jazz itakusaidia. Lakini itakusaidia kwa kitu ambacho huenda hukitegemei, na mimi nilichelewa kukiona.

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya mama mjane wa Makambako. Mwongozaji aliniletea sini, yaani kipande kimoja cha filamu, ya jikoni: mama anachochea kuni, binti yake anamwambia kwamba anaondoka kwenda Dar. Dakika tatu. Nikajifungia siku mbili. Nikaweka kodi zangu zote nzuri, mkono wa kulia ukitembea juu chini, na kila binti alipofungua mdomo mimi nikajibu kwa vidole. Nilipomaliza nilijiona nimefanya kazi ambayo Mbeya nzima hakuna wa kuifanya. Mwongozaji akaja, akavaa spika za masikioni, akaisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akasema, "Kaka, kinanda nimekisikia vizuri sana. Mama sijamsikia."

Iliniuma. Lakini usiku ule nikiwa hotelini nilikuwa namsindikiza dada mmoja anayeimba, na nikajikuta naitazama mikono yangu. Anapoimba, mimi nagusa kodi moja, naacha, nagusa tena pale anapovuta pumzi. Mkono wa kushoto hata haushiki noti ya msingi kwa sababu mpiga besi anayo. Sipigi chochote kwenye eneo la sauti yake, naenda juu yake au chini yake. Nilikuwa nafanya hivyo kila wiki bila kufikiri! Sasa kwa nini kwenye filamu nilipiga kama vile mwimbaji hayupo? Mwimbaji alikuwepo. Ni yule mama na kuni zake. Kesho yake nikafuta karibu kila kitu. Zikabaki noti saba katika dakika tatu, zote zikiangukia kwenye ukimya kati ya maneno. Mwongozaji alipozisikia alikaa chini.

Ndiyo maana nasema jazz itakusaidia. Ile kazi ya kusindikiza, ambayo watu hotelini hawaipigii makofi, ndiyo kazi yenyewe ya filamu. Solo zako uzipendazo ndizo zitakazokutesa.

Baada ya hapo nilianza kuwatafuta waliopita njia hii kabla yetu, na wapo wengi kuliko nilivyodhani. Nitakutajia wawili tu nilioishi nao muda mrefu.

Wa kwanza ni Lalo Schifrin. Huyu nilimsikia tangu utotoni bila kujua jina lake, na wewe pia yawezekana. Mwanjelwa zamani kulikuwa na mabanda ya video, unatoa shilingi zako, unakaa kwenye benchi, na filamu za Bruce Lee zilirudiwa mpaka kanda zinakwaruza. Muziki wa Enter the Dragon ya 1973 ni wake. Alizaliwa Buenos Aires mwaka 1932, baba yake akiwa mpiga fidla wa okestra kubwa ya jiji. Alisoma Paris, mchana akiwa chuoni na usiku akipiga piano kwenye kumbi za jazz. Dizzy Gillespie, yule mpiga tarumbeta wa Marekani, alimsikia Argentina, na kuanzia 1960 mpaka 1962 Schifrin alikuwa mpiga piano wake na mtunzi wake pia. Kisha akaenda Hollywood. Ule muziki wa Mission: Impossible wa 1966 ni wake, na hesabu mapigo yake: ni matano kwa kipimo (fungu moja la mapigo), si manne. Mpiga jazz haogopi kipimo kisicho cha kawaida. Hilo lishike, nitalirudia.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni Bullitt ya 1968. Ina sini ya magari mawili yanayofukuzana kwenye vilima vya San Francisco, na watu wanaikumbuka mpaka leo. Muziki wa Schifrin unajenga wasiwasi wakati magari yanaviziana polepole. Mbio zenyewe zinapoanza, muziki unakoma. Zinabaki injini na matairi. Mtu aliyepiga na Gillespie, mwenye uwezo wa kujaza kila sekunde, aliachia injini zipige solo. Nimeitazama sini hiyo zaidi ya mara thelathini, na kila nikishawishika kujaza nairudia.

Wa pili ni André Previn, na huyu ndiye hasa mpangaji wa muziki, yule anayeamua ala ipi ipige nini katika wimbo. Alizaliwa Berlin mwaka 1929, familia yake ya Kiyahudi ikakimbia Wanazi, wakaishia Los Angeles. Akiwa bado kijana wa shule studio ya MGM ilikuwa inampa kazi za kupanga muziki, na wakati huohuo anapiga jazz. Mwaka 1956 alirekodi na mpiga ngoma Shelly Manne na mpiga besi Leroy Vinnegar albamu ya nyimbo za My Fair Lady, ambayo wakati ule ilikuwa onyesho la jukwaani. Watu watatu tu, piano, besi na ngoma, na iliuzwa sana. Miaka minane baadaye, 1964, nyimbo zilezile zikatengenezwa kuwa filamu, na aliyesimamia upangaji wake kwa okestra nzima ni Previn huyohuyo. Sikiliza zote mbili siku moja. Kwenye ya kwanza anazigeuza nyimbo anavyotaka, anazipindua, anacheka nazo. Kwenye filamu amejificha kabisa, unachokisikia ni mwimbaji na hadithi. Alipata Oscar nne, na zote nne ni kwa kupanga muziki ambao nyimbo zake zilitungwa na wengine. Wale wanaodhani mpangaji ni mtu wa pembeni waliangalie hilo.

Sasa tushuke kwenye kazi yenyewe, maana kijana ameuliza "unafanyaje muziki uangukie pale pale mtu anapofungua mlango?" Ni hesabu ya darasa la saba, usiogope. Ukiwa na mapigo 80 kwa dakika, kila pigo ni sekunde 0.75. Kama mlango unafunguliwa sekunde ya 21, hayo ni mapigo 28, yaani vipimo saba vya mapigo manne, na mlango unaangukia pigo la kwanza la kipimo cha nane. Safi kabisa. Ndivyo nilivyopanga kwa filamu yangu ya pili. Kisha mhariri akaongeza sekunde moja na kidogo ya uso wa mzee, mlango ukahamia sekunde ya 22.4, na mimi nimeshawarekodi waimbaji.

Hapo una njia mbili. Unaweza kupunguza mwendo: mapigo 28 kwa sekunde 22.4 yanakupa 75 kwa dakika, na unarekodi upya. Au unabaki na 80 na kuingiza kipimo kimoja kifupi cha mapigo mawili. Jumla inakuwa mapigo 30, sekunde 22.5, unachelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa filamu ya fremu (picha mojamoja) 25 kwa sekunde hizo ni fremu mbili na nusu, na jicho halilalamiki, hasa muziki ukija baada ya picha na si kabla yake. Nilichukua njia ya pili, nikanyamazisha kwaya kwenye kile kipimo kifupi, kinanda kikabaki kimeshika kodi moja tu. Kwaya ya kanisa ingehangaika na mapigo mawili yasiyo na ndugu. Kwa mpiga jazz ni jambo la kawaida. Na tangu siku hiyo siandiki noti hata moja ya mwisho kabla mhariri hajaniambia kwa maandishi kwamba picha imefungwa, yaani haikatwi wala kuongezwa tena.

Kuhusu ala za kweli na zile za kompyuta. Za kompyuta utazihitaji, huwezi kukusanya wapiga fidla ishirini Mbeya. Ila kila filamu jitahidi iwe na ala moja au mbili za watu wenye pumzi, itainua zile nyingine zote. Mimi nilienda kwa wale niliokua nao, wapiga matarumbeta wa kanisani, na nikajifunza kwa aibu. Vitabu vinasema tarumbeta ya B bapa huandikiwa toni moja juu ya inavyosikika. Nikaandika hivyo, kurasa zote, usiku kucha kwa mkono. Wakapiga, na kila kitu kikatoka toni moja juu ya kinanda! Kumbe sisi kanisani tulifundishwa kusoma noti kama inavyosikika, ile desturi ya kwaya za matarumbeta za Kijerumani, na mimi mwenyewe nilisoma hivyohivyo utotoni nikasahau. Muulize mpigaji anasomaje kabla hujashika kalamu.

Na baridi. Hili mtu wa Dar hawezi kukwambia. Tulirekodi Julai, saa kumi na mbili asubuhi, kanisani, kwa sababu ndiyo saa bodaboda hazijaanza kelele. Ndani ilikuwa nyuzi joto kama kumi. Ala ya kupuliza hushuka sauti ikipoa, takriban sehemu tatu za mia za nusu toni kwa kila nyuzi moja. Toa kumi kwenye ishirini na mbili, joto la kawaida la chumba, zidisha, unapata zaidi ya theluthi ya nusu toni chini ya kinanda. Tukawasha jiko la mkaa nje, vijana wakapuliza mpaka shaba ikapata moto, tukaanza saa mbili na bodaboda zikaingia kwenye rekodi. Siku hizi tunarekodi saa nane mchana Jumapili, ibada zikiisha.

Lakini somo kubwa kuliko yote nililipata Iringa, na hapa naomba nikae kidogo. Filamu ya tatu ilikuwa na babu wa Kihehe, na mwongozaji alitaka ligombo. Kwa wasiolijua, ni ala ya nyuzi ya Wahehe na jirani zao: ubao uliochongwa kama mtumbwi mdogo, nyuzi zimevutwa juu yake kutoka ncha hadi ncha, na kibuyu cha kukuza sauti. Tukampata mzee mmoja upande wa Kalenga. Nikamwamkia "Kamwene, mzee," akafurahi, akatupa viti, akaanza kulegeza na kukaza nyuzi zake huku akiongea na mke wake. Akapiga. Mimi nilikuwa na kinanda kidogo cha betri, nikatafuta noti zake, na moja haikupatikana. Ilikaa kati ya nyeusi na nyeupe, chini kidogo ya tatu kubwa (noti ya tatu inayoupa wimbo furaha), juu ya tatu ndogo (ile ya huzuni).

Nikafanya kosa la kumwomba akaze uzi ule ulingane na kinanda. Akakaza, kwa heshima ya mgeni. Akapiga tena, akasimama katikati. Akasema, "Mwanangu, huu sasa si wimbo wangu." Akaurudisha uzi pale ulipokuwa.

Njiani kurudi mjini nilikuwa nimekasirika, nasema yule mzee hajui. Usiku pale Kihesa nilipofikia, nikafungua rekodi yake peke yake, bila kinanda. Ilikuwa imekamilika. Hakikukosekana chochote. Mwenye tatizo alikuwa mimi na funguo zangu zisizosogea. Basi nikafanya mambo mawili. Nikashusha kinanda chote kidogokidogo kwenye programu mpaka noti ya msingi ikalingana na ya mzee, na nikaondoa noti ya tatu kwenye kila kodi yangu, nikabaki na ya msingi na ya tano, na mara mojamoja ya pili. Hiyo ya kuacha noti ya tatu wazi ni mbinu ya jazz, nimeipiga hotelini mara elfu ili mwimbaji aamue mwenyewe kama wimbo una huzuni au furaha. Ile noti ya mzee ikapata uwanja wake, hakuna wa kugombana nayo. Nikisikia watu wanasema jazz ni muziki wa wageni usioingiliana na wa kwetu, nakumbuka usiku ule. Na mzee tulimwandika jina kwenye filamu kama mwanamuziki, akalipwa kama mwanamuziki. Wengi huandika "muziki wa asili" basi. Hilo nalichukia, nasema wazi.

Ugali upo? Upo, ila si wa filamu peke yake. Kwa ile ya kwanza nililipwa laki mbili na nusu kwa miezi miwili. Ya tatu ilinilipa mara sita ya hiyo. Kati ya filamu na filamu napanga nyimbo za kwaya, matangazo ya redio, na video za mashirika, na bado Ijumaa nipo hotelini. Msambazaji mmoja aliuchukua muziki wangu wa filamu ya pili akauweka kwenye filamu nyingine kabisa, na mimi nikausikia nikiwa ndani ya basi la kwenda Njombe. Sikuwa na karatasi yoyote, tulikubaliana kwa mdomo na kupeana mikono. Sikuwa na cha kumwonyesha. Tangu hapo nina mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili: muziki huu ni wa filamu hii tu, ukitumika kwingine tunaongea upya, nusu ya malipo kabla ya kuanza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, wapo, kasajili kazi zako. Mwongozaji wako akikataa kusaini ukurasa mmoja, mshukuru na uendelee na kwaya.

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba kutoka Kabwe, na kwa kuandika noti natumia MuseScore, ni ya bure. Nunua kifaa cha kuhifadhi umeme kabla ya spika. Umeme ukikatika Uyole katikati ya saa ya nne ya kazi, utanielewa.

Kinanda usiuze. Kila sini mpya ninaanza hivi: nazima sauti yote ya filamu, nacheza picha, nakaa kwenye kinanda na kubuni papo hapo, mara tatu, huku simu inarekodi. Kompyuta siigusi. Mara ya kwanza napiga nyingi mno. Mara ya pili naanza kuwaona watu. Ya tatu ndiyo huwa na kitu, na mara nyingi ni noti nne tano tu ambazo baadaye ndizo zinakuwa muziki wa filamu nzima. Hiyo kazi siwezi kuifanya kwa panya ya kompyuta, na wewe huwezi, kwa sababu masikio yako yamekulia kwenye vidole.

Kwa hiyo niambie ni kinanda cha aina gani, na angalia nyuma yake kama kina tundu la waya wa USB au yale matundu ya mviringo ya pini tano. Kikiwa nalo moja kati ya hayo, kitaunganishwa na kompyuta ya kuazima (yale ya pini tano huhitaji waya wa kugeuza kwenda USB), na sini ya kwanza ya huyo mwongozaji unaweza kuianza wiki hii. Mwombe akutumie ile yenye maneno mengi zaidi.